Vidole Vitatu Juu ya Mstari

Baiskeli ilikaa nyuma ya nyumba miaka miwili, imefunikwa turubai, na katika miaka hiyo miwili hakuna aliyeigusa isipokuwa kuku, waliotaga chini yake bila kujali ilikuwa ya nani. Watu wa nyumba ile walijua ilikuwa ya nani. Ndiyo iliyomwangusha mwenye nyumba kwenye mteremko wa darajani, jioni moja akitoka kazini, akapiga kichwa ukingoni mwa mtaro wa saruji na hakuamka tena. Aliacha mke, binti wa miaka sita, na baba mzazi ambaye tangu ujana riziki yake ni kutengeneza baiskeli.

Baba huyo mtaani wanamwita Kaza. Ana mazoea ya kuipitia kila nati mara ya mwisho kabla baiskeli haijatoka kibandani kwake, huku akijisemea "kaza... kaza... kaza" kama mama anayehesabu watoto kabla ya safari. Wateja hawakukawia kumbandika jina. Akalipenda. Siku hizi mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, hugeuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Kuhusu ile ajali, mtaa ulikwisha kutoa hukumu kabla hata jeneza halijafika. Marehemu alikuwa mtu wa kupiga maji, hilo halina ubishi. Lakini miezi mitano kabla ya kufa alimwahidi mkewe kwamba ameacha, na kweli akawa anarudi mapema, macho meupe, anaosha vyombo, hadi wanaume wa jirani wakamnunia kwa kuwaharibia ndoa zao. Siku ya ajali, kwenye ghala alikofanya kazi, walikuwa wanamuaga mwenzao anayestaafu. Waliomwokota walisema shati lake lilinuka bia. Walisema pia hapakuwa na gari, wala mbwa, wala shimo. Aliiacha barabara mwenyewe. Sasa hapo unataka ushahidi gani tena? Mlinzi wa ghala alikuja msibani akaapa kwamba marehemu alikunywa soda mbili tu, na ile bia ilikuwa ya mtu mwingine, ilimmwagikia mezani. Bahati mbaya mlinzi mwenyewe alikuwa chakari, anaapa huku amekumbatia nguzo ya hema. Watu wakamwondoa kistaarabu.

Mjane hakulia. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemwambia mumewe mlangoni, baba mkwe akisikia, "Ukirudi unanuka, usinigongee mlango." Basi hakugonga. Tangu hapo mwanamke huyo hakulitaja jina la mumewe. Humwita "yule", na anapolisema neno hilo mdomo wake unakuwa mwembamba.

Kaza naye, arobaini ilipokwisha, alianza kufunga virago vyake kwenye kile chumba cha uani alichohamia baada ya kufiwa na mkewe. Aliona mjane hana sababu ya kulea mzee wa mtu. Mkwewe alimkuta anahangaika na zipu ya begi.

"Baba, unakwenda wapi? Chakula kiko mezani, kinapoa."

Hakusema zaidi ya hapo, na mzee hakuhitaji zaidi. Alirudisha mashati yake kwenye msumari. Mwanamke huyo ndiye aliyebaki kuwa nyumba yake, yeye na kale kabinti kanakoitwa Shangazi kwa jinsi kanavyojua kukemea wakubwa. Ukimwondolea Kaza hao wawili, anabakia na spana zake.

Sasa basi. Jumamosi moja mkwewe alimfuata kibandani, akamkuta anaziba pancha, akamwamkia, akabaki amesimama.

"Baba, karakana yetu ya kushona sare inahama. Wanatupeleka ng'ambo ya kilima, kwenye yale maghala mapya."

"Nimesikia."

"Gari la wafanyakazi hakuna tena. Kwa miguu ni saa moja na nusu kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Mtoto nitakuwa namwona amelala tu."

Kaza aliendelea kusugua mpira kwa msasa, ingawa ulikuwa umeshasuguliwa vya kutosha.

"Ile ya nyuma," mkwe akasema. "Inaweza kupona? Siihitaji iwe nzuri. Nataka iende na irudi kila siku, isinilaze njiani."

"Nitakutafutia nyingine, mwanangu."

"Nyingine ya nini, na hiyo ipo? Baiskeli haina kosa, baba. Mwenye kosa alikuwa yule aliyekaa juu yake."

Angekataa, angesema nini? Jioni hiyo hiyo aliwafukuza kuku, akavuta turubai.

Niseme ukweli, hali ilikuwa mbaya. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya zamani, ya chuma tupu, tairi nene, ya wakati ule walipokuwa bado hawajaanza kuzitengeneza kwa bati la kopo na kuzibandika stika. Tairi zilikuwa zimepasukapasuka. Mnyororo ulikuwa umeshikana ukawa fimbo. Spoku kumi na moja zilikuwa zimekatika. Nguzo ya kiti ilikuwa imegandana na fremu kiasi kwamba aliimwagia mafuta siku nne mfululizo, akaipiga, akaitukana, akaipasha moto, na ilipotoka ilitoa mlio uliomfanya jirani achungulie dirishani. Lakini fremu yenyewe alipoigonga kwa spana ililia vizuri, mlio mrefu usio na mkwaruzo, na fundi akisikia mlio ule anajua ndani hakujaoza. Akatabasamu peke yake. Siku hizo za mwanzo, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Alisahau kabisa baiskeli ni ya nani. Alifungua vikombe vya pedali, kile cha kulia kinachofunguka kinyume na vingine vyote, ambacho mafundi wa juzi hukivunja kila siku kwa kukazania upande wa kawaida. Aliosha gololi, zile tufe ndogo za chuma, kwa mafuta ya taa kwenye bakuli, akazipanga juu ya gazeti, akazihesabu. Shangazi alikuja akamwambia anachafua meza. Alikubali kosa.

Siku ya tisa alifika kwenye usukani.

Hapo lazima nieleze kidogo, maana ndiyo habari yenyewe. Usukani wa baiskeli kama ile unashikwa na kipande cha chuma chenye umbo la namba saba. Mafundi wanakiita shingo. Mguu wa shingo unaingia ndani ya bomba la uma wa mbele, na chini yake kuna kabari. Ukikaza bolti juu, kabari inapanda, inausukuma mguu ubane bomba kwa ndani. Mguuni kumechorwa mstari. Maana ya mstari huo ni moja tu: unaweza kuipandisha shingo utakavyo, lakini mstari usionekane. Ukionekana, kabari imeshafika juu mno, pale bomba lilipochongwa njia za nati na ukuta wake ni mwembamba.

Shingo iliyokaa miaka miwili kwenye unyevu haitoki kirahisi. Kaza alijiandaa kwa vita: nyundo ya mpira, mafuta, kipande cha ubao, hata maji ya kunywa. Akabana gurudumu la mbele kwa magoti, akaushika usukani ili kuunyoosha kwanza. Ukamfuata mkononi. Ulitoka wote, na shingo yake, bila hata kunung'unika.

Akauweka juu ya benchi.

Kisha akafungua nati za juu, akachomoa uma, akaupeleka mlangoni penye jua. Bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu, kutoka juu kuja chini, ufa wa kuingiza ukucha. Macho ya fundi yakaanza kusoma kabla moyo haujawa tayari. Sehemu kubwa ya ufa ilikuwa nyeusi, imejaa grisi ya zamani. Sehemu ya chini, kama urefu wa kidole, ilikuwa na kutu nyekundu tupu. Maana yake ile ya juu ilianza kupasuka baiskeli ikiwa bado inatembea na inatiwa grisi. Ile ya chini ilimalizikia siku moja, mara moja. Na siku hiyo kabari haikuwa na cha kubana tena. Mtu akiwa kwenye mteremko anauzungusha usukani, usukani unazunguka, na gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe. Kwa aliye mbali anaonekana kama anayumba. Kama mlevi.

Alitafuta alama ya kabari ndani ya bomba. Ilikuwa juu kabisa. Akairudisha shingo mahali alama ilipoonyesha, akapima kwa mkono. Mstari ulikuwa nje. Vidole vitatu nje.

Akili yake, kama akili ya mtu yeyote, ilikimbia kwanza kumtafuta wa kumtupia lawama. Kuna fundi mmoja upande wa sokoni, mzembe maarufu, anayefunga breki kwa waya wa uzio. Kaza alimfikiria huyo kwa hamu kweli kweli. Lakini mwanawe hakuwahi kupeleka baiskeli sokoni. Angeipelekaje, na baba yake ni nani?

Alikumbuka hata saa. Mwanawe alikuja kibandani ameshika kiuno. Magunia ya ghalani yalikuwa yamemuumiza mgongo, naye alitaka kuendesha akiwa amekaa wima. "Nipandishie usukani, mzee." Kaza alipandisha hadi mstari, kijana akapanda, akasema bado. Shingo ndefu mjini haikuwepo. Mteja mwingine angeambiwa aende zake. Mteja mwingine alishawahi kufukuzwa pale kwa kubishana juu ya mstari huo huo, tena kwa maneno makali. Lakini huyu hakuwa mteja. "Wewe ni wa nyumbani," Kaza alimwambia. "Nitakupandishia, ila kila Jumapili uniletee niikaze."

Naye akaleta kila Jumapili, kama mtoto mtiifu. Na kila Jumapili Kaza aliikuta imelegea kidogo, akaikaza. Alifurahia hata. Wazee wengine, watoto wao hawaji mpaka waombwe. Yeye wa kwake alimjia mwenyewe, wakakaa nusu saa, wakataniana, akakaza. Hakujiuliza kwa nini bolti iliyokazwa na mkono wake inalegea kila wiki. Ilikuwa inalegea kwa sababu bomba lilikuwa linatanuka. Kila alipokaza, alipasua. Jumapili ya mwisho bolti ilikubali karibu mzunguko mzima, na mwanawe akacheka, "Mzee bado una nguvu." Siku ya nne yake, wakamleta kwenye machela.

Kaza aliuviringisha uma na shingo kwenye gunia, akavisukuma chini ya benchi, nyuma ya matairi mabovu. Akanawa mikono. Mkwewe alipompigia hodi kumwita kwenye chakula, alisema anakuja.

Usimhukumu haraka. Hata wewe ungefikiri mara mbili. Akisema, mwanawe atatoka kwenye ulevi aliozikwa nao, na yule mlinzi wa watu, pamoja na kuyumba kwake, atakuwa alisema kweli. Lakini mkwewe atabaki amekaa meza moja na mtu aliyemuua mumewe. Atamfukuza, na atakuwa na haki. Au hatamfukuza, jambo ambalo Kaza aliliogopa zaidi. Kisha akajipatia sababu nyingine, nzuri zaidi, ya kuonea huruma watu: huyu mwanamke alimnyima mume wake hata machozi. Akijua alimnyima bure, ataishi vipi? Bora abaki na hasira yake, ameshaizoea. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na kwa siku mbili tatu uongo ulimkaa vizuri.

Akaenda kwenye vyuma chakavu, akachagua uma mwingine wa chuma, akaugonga, akausikiliza, akaukagua kwa lenzi kama daktari wa macho. Akapata na shingo. Safari hii aliishusha mpaka mstari ukazama kabisa, akashusha tena.

Wiki ya kwanza baada ya hapo Shangazi alirudi kutoka shuleni kola ya sare imechanika. Kuna mtoto alimwimbia wimbo wa baba anayelala mtaroni. Mama yake alichukua sindano, akashona ile kola palepale, mtoto akiwa ameivaa.

"Usipigane kwa ajili ya jambo la kweli," akamwambia. "Baba yako alichagua chupa. Wewe chagua daftari."

Kaza alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, anakunywa chai. Akaimeza pamoja na maneno yake.

Wiki ya pili mama mmoja jirani, mwenye mapacha, alipita akasifia kazi. Alisema inapendeza kuona mzee ana moyo hivyo, baada ya mtoto kumwaibisha namna ile. Mkwe akajibu kwa niaba yake: "Baba hakuaibika. Aliyeaibika ni yule." Kaza aliinamia gurudumu, akaanza kunyoosha spoku ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa kazi. Nadhani hakuwahi kutengeneza baiskeli namna ile maishani. Alikwangua rangi yote mpaka chuma kikang'aa, akakipaka dawa ya kutu, akapaka rangi ya bluu mara tatu, akisugua kwa msasa katikati ya kila mpako. Alipitisha waya mpya za breki, akafunga pedi mpya, tairi za barabara zisizo na meno makubwa, madigadi ya kuzuia matope, kikapu mbele cha kuwekea chakula. Gololi zote mpya. Watu walisimama barabarani kuangalia. Alipowaona wanasifia alitamani wapotee. Usiku usingizi ulimkimbia, na mchana aliimaliza kazi nyingine yote ndipo akaifikia ile bolti ya shingo. Aliikaza, akaacha. Hakusema lile neno lake.

Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, baiskeli ilikuwa tayari. Mkwe alikunja sketi, akaipanda uani, akazunguka mara moja, akatoka nje kuijaribu hadi darajani na kurudi. Shangazi alibaki amesimama karibu na babu yake, mikono kiunoni.

"Mama anaendesha vizuri," mtoto akasema.

"Vizuri sana."

"Babu, mimi nikikua nitaendesha hiyo. Na sitakunywa pombe kama baba. Nimeshaamua. Damu ya baba ninayo, mwalimu alisema, lakini nitaishinda."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema ataoga baadaye. Ana miaka minane. Kaza alikuwa ameyavumilia maneno ya mama mwenye mapacha, ya wimbo wa shuleni, hata ya mkwewe; lakini mtoto huyu alikuwa amejitwisha ugonjwa ambao haupo, na alikuwa anajiandaa kupigana nao maisha yake yote.

Mkwe akarudi, anahema, jasho usoni. Baada ya miaka miwili Kaza aliyaona meno yake.

"Baba! Inakwenda kama maji. Hata pale kwenye mteremko, nimeshika breki, imetulia tuli." Akaegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu. "Umefanya kazi, baba. Mungu akupe nguvu."

"Mtoto aende ndani," Kaza akasema. "Kaa, mwanangu."

Akaingia kibandani, akavuta lile gunia. Alilifungua miguuni pa mkwewe na akaeleza yote kama nilivyokueleza, bila kuficha kidole hata kimoja: mgongo, mstari, kabari, kila Jumapili. Alimwonyesha ufa mweusi na ufa mwekundu. Alimwambia mlinzi alisema kweli. Hakulia, aliona hana haki ya kulia kwanza.

Mkwe aliuchukua uma, akaingiza ukucha kwenye ufa, akaupitisha juu mpaka chini.

"Hakulewa," akasema.

"Hakulewa."

"Alikuwa anauzungusha usukani na gurudumu halifuati."

"Ndiyo, mwanangu."

Watu walipita barabarani, mmoja akapiga salamu, na hakuna aliyeitika. Kisha mkwe akauliza jambo ambalo Kaza, katika mahesabu yake yote, hakulitegemea.

"Ulijua lini?"

"Nini?"

"Hii. Uliiona lini?"

"Siku ile... nilipofika kwenye usukani, ukanipigia hodi."

"Ile siku niliyokuita kwenye chakula, ukasema unakuja. Wiki mbili zilizopita na siku kadhaa." Alikuwa anahesabu kwa vidole vyake vilivyojaa alama za sindano. "Ile ya kola ilikuwa baada ya hapo. Nilimwambia mtoto baba yake alichagua chupa. Ulikuwa umekaa hapo, baba. Unakunywa chai niliyokupikia."

"Nilikuwa hapo."

"Mkono wako ulikosea. Kukosea kwa mkono nakujua, mimi mshonaji, nimeshakata vitambaa vya watu vibaya. Ungeniambia siku ileile ningekusamehe. Ningelia, ningekulaani, lakini ningekusamehe. Uliikaza ukiwa unampenda." Sauti yake haikupanda. "Lakini mimi nimemtukana mume wangu mbele yako, mbele ya mtoto wake, siku zote hizo, na wewe mdomo unao. Ukaniacha niendelee. Hilo sijui nilipeleke wapi."

Kaza angejitetea kwa huruma yake, ile ya kujidanganya, lakini alipoitafuta hakuipata.

"Mwite mtoto," mkwe akasema. "Simwambii mimi. Mimi nimeshamwambia ya uongo ya kutosha. Mwambie wewe."

Akamwita. Shangazi akatoka na kipande cha mkate, akawaangalia wote wawili kwa zamu, akajua kuna mkubwa amekosa.

Kaza alikaa kwenye kigoda ili macho yao yalingane. Aliyapanga maneno, yakapanguka. Mwishowe akamwambia kwa ufupi: baba yako hakunywa pombe siku ile, alikunywa soda. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeuharibu. Nilidhani nautengeneza.

Mtoto alitafuna, akameza.

"Hakulewa kabisa?"

"Kabisa."

"Hakuvunja ahadi ya mama?"

"Hakuvunja."

"Na damu yangu?"

"Damu yako haina kitu. Ni nzima."

Alisubiri mtoto alie, au ampige, au amwulize kwa nini aliupita mstari, swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza kila alfajiri. Hakuna kilichotokea kati ya hivyo. Uso wa Shangazi ulifunguka taratibu, ukang'aa wote, na kabla mama yake hajanyoosha mkono kumshika, mtoto alikuwa ameshatoka nje ya uzio, mkate umeanguka mchangani.

"Mama Mapacha! Mama Mapacha! Baba yangu hakulewa! Alikunywa soda! Ni babu, babu ndiye aliyemharibia usukani!"

Mlango wa jirani ukafunguliwa. Kaza alisikia mtu akiuliza nini, na mtoto akirudia lote tangu mwanzo, kwa furaha, kwa sauti yake yote. Kisha akasikia miguu midogo ikikimbilia nyumba ya pili. Kwa kinyozi. Kwa yule mtoto mwenye wimbo. Uani, mkwewe aliegemea ukuta kando ya baiskeli ya bluu, akaanza kulia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina lake, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mzee alitaka kumsogelea, akaona si wa kusogelewa naye.

Kaza alibaki kwenye kigoda. Kule nje sauti ya mjukuu wake ilikuwa inashuka mtaa mzima, mlango kwa mlango, ikieleza ni nani aliyemuua baba yake, na hakukuwa na neno hata moja ambalo angeweza kumsahihisha.